Megahezi 40 Bado Ina Kazi Majini

Mwenye boti ya rimoti akiomba ushauri siku hizi, jibu analopewa karibu kila mara ni moja: tupa seti ya zamani (rimoti na kipokezi chake cha ndani ya boti) ya masafa ya redio ya megahezi 27 au 40, nunua ya gigahezi 2.4. Kwa boti nyingi ushauri huo ni sahihi. Ninachokipinga ni hilo neno «tupa», kwa sababu linachukulia kwamba seti mpya imeishinda ya zamani kila mahali, ilhali chini ya maji, kwenye nyambizi za rimoti, haijaishinda.

Sifa za gigahezi 2.4 zinajulikana. Nchini Uingereza bendi ya megahezi 40 iligawanywa katika chaneli 30, kila mtu akitembea na kristali za chaneli yake, yaani vipande vidogo vinavyopanga masafa ya rimoti na ya kipokezi. Wawili wakiwasha rimoti za chaneli moja, boti iliyokuwa ikienda sawasawa ilianza kuzunguka ovyo au kugonga ukingo, ndiyo maana watu walifunga kibendera kwenye antena na kuchukua ubaoni kibanio cha chaneli, kimoja tu kwa kila chaneli, kabla ya kuwasha. Leo kipokezi huunganishwa na rimoti yake kikaitambua hiyo tu, na watu kumi huendesha boti katika bwawa moja bila kuulizana. Mwenye jahazi au tagi (boti ya kuvuta meli) hana sababu ya kurudi nyuma, mradi asikifiche kipokezi chini kabisa ya boti, mahali ambapo antena inakuwa chini ya usawa wa maji.

Mwenye nyambizi, hata hivyo, anapewa ushauri uleule, na hapo ndipo anapopotoshwa. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, nayo hugeukageuka kulifuata wimbi la redio. Katika masafa ya gigahezi 2.4 mgeuko huo hulinyonya wimbi nguvu na kuigeuza joto, na si ajabu kwamba oveni ya maikrowevu hupasha chakula kwa gigahezi 2.45. Katika maji ya ziwa au bwawa, sentimita 10 tu zinatosha kumeza zaidi ya sehemu 99 kati ya 100 za nguvu ya wimbi hilo. Wimbi la megahezi 40, lenye urefu wa mita 7.5, hupenya maji hayohayo kwa mita kadhaa.

Nimesimama ukingoni nikaitazama nyambizi ndogo yenye kipokezi cha gigahezi 2.4 ikizama: mnara wake ulipofunikwa tu, usukani uliacha kuitika. Nyambizi nyingi za namna hii hupangwa ili mawimbi yakikatika, tangi la kuzamia litoe maji yake na chombo kipande juu, na kinga hiyo ni njema sana. Lakini kwa gigahezi 2.4 kila kuzama ni kukatika kwa mawimbi, kwa hiyo kinga iliyowekwa kwa ajili ya hatari inakuwa kizuizi cha safari yenyewe, na mwenye chombo hushawishika kuizima, jambo ambalo siku betri au waya utakapoharibika litamgharimu nyambizi nzima. Wapo wanaoinua antena kwa boya au mlingoti; inafaa kwa kina kifupi, ila nyambizi inayoburuta boya imeshapoteza nusu ya uzuri wake.

Haki inanidai niseme kwamba baharini hata megahezi 40 haisaidii, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme na kulimeza wimbi ndani ya sentimita chache. Tena watengenezaji wengi wameziacha seti hizi, hivyo mtu hutegemea zilizotumika. Anayenunua huko Uingereza ahakikishe imeandikwa 40 wala si 35, maana megahezi 35 ni ya ndege za rimoti peke yake, na adai kristali zote mbili, kwani ya rimoti na ya kipokezi hazibadilishani nafasi hata zikiwa na namba moja ya chaneli.