Hiyo Si Nusu Mkate

Tokeni za stima zinayeyuka, nimenyamaza. Maji yanafunguliwa saa nane usiku, naamka na ndoo. Matatu inapandisha nauli kwa sababu wingu limeonekana upande wa Ngong, nalipa. Lakini leo kibandani mzee mmoja mwenye gazeti akatangaza, "Hata Uingereza walikula nusu mkate 2017," na hapo nikashindwa.

Hapana, mzee wangu. Nusu mkate ni ile yetu ya Kenya ya 2008: pande mbili, baraza moja la mawaziri, kila mtu na bendera kwenye gari lake. Theresa May, waziri mkuu wao wa wakati huo, hakugawa mkate. Alinunua kura rejareja.

Nikavuta sahani yangu ya githeri na kijiko. Bunge lao, viti 650. Maharagwe haya ndio Conservative, chama cha May, 317. Mahindi haya ndio DUP, chama kidogo cha Ireland Kaskazini, kumi tu. Hao kumi hawakupata hata waziri mmoja. Walichoahidi ni kusimama naye kwenye kura ya imani, ile ya kuamua kama serikali ibaki au ianguke, kwenye bajeti, na kwenye sheria za usalama na za kutoka Umoja wa Ulaya. Mengine, wanaamua wakiamka. Malipo: pauni bilioni 1 zaidi kwa kwao.

"Na hizi saba za pembeni?"

"Sinn Féin, chama kingine cha huko Ireland Kaskazini."

Mzee akazikusanya kwa vidole akazitia mdomoni. Githeri yangu! Ila hesabu haikuharibika, kwa maana Sinn Féin hawakalii viti vyao London. Toa hao saba, toa Spika na manaibu wake watatu ambao hawapigi kura, wanabaki 639. Kwa hiyo ukiwa na 320 umelala salama. May peke yake hafiki, akiwa na DUP anapita. Mzee alitafuna akisikiliza, na jicho sasa liko kwa Conservative.

"Si basi akatulia?"

Atulie wapi! Mkataba wa namna hii hauna hakimu wa kumshtakia. Tarehe 15 Januari 2019 makubaliano yake ya Brexit, yaani ya kutoka Umoja wa Ulaya, yaliangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202, na DUP walikuwa upande wa waliomwangusha. Kesho yake upinzani ukaleta hoja ya kutokuwa na imani. Hao hao DUP wakamwokoa: 325 kwa 306.

Mzee akameza. "Kama mwenye nyumba wangu. Bomba hatengenezi, na kuhama hataki uhame."

Sikuwa na jibu. Nimesoma mambo haya miaka na miaka, na sijaona mtu akiyaeleza vizuri hivyo akiwa na chakula changu mdomoni.

Huku kwetu usiniulize. Rais wetu haanguki kwa kura ya imani, atang'olewa kwa theluthi mbili za kila bunge, la Taifa na Seneti, na bado anatafutiwa wa kumshikilia.

Australia walau wabunge huru waliambulia kitu. 2010 vyama vikubwa vilifungana 72 kwa 72, siku 17 hakuna aliyejua serikali ni ya nani, na kabla ya kumpa waziri mkuu Julia Gillard kura, hao wabunge huru walidai bunge lirekebishwe: swali sekunde 45, jibu la waziri lisizidi dakika nne. Dakika nne! Mimi nami bomba langu nimeliuliza tangu Pasaka. Fundi aliyetumwa alikuja bila spana, akaazima yangu, akaenda nayo.