Woga wa Epidura Usiwe Woga wa Ganzi Yote

Mtoto akirudi wodini baada ya kupandikizwa figo, mimi hutazama tumbo lake kabla ya mashine. Anapumua juu juu, mkono umekandamiza ubavu, na ukimwambia akohoe anatikisa kichwa tu, maana kila pumzi inavuta mshono. Kohozi likilala kifuani, nimonia haiko mbali, na kinga ya mtoto huyu tumeishusha wenyewe ili mwili usikikatae kiungo kipya.

Tunakimbilia mofini, dawa kali ya maumivu. Inasaidia, sikatai. Lakini mabaki yake hutolewa na figo, na figo mpya ikichelewa kuamka yanarundikana: mtoto anasinzia kupita kiasi, anajikuna, anafunga choo, pumzi zinapungua. Ibuprofeni nayo tunaiepuka, kwani ikikutana na takrolimasi, dawa ya kushusha kinga, inaweza kuiumiza figo hiyohiyo.

Ndiyo maana nasema suala la ganzi ya eneo, yaani ya sehemu moja tu ya mwili, lijadiliwe kabla ya upasuaji, si usiku wa manane mtoto akiwa analia. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni hatari ya epidura, yaani ganzi inayotiwa kwa sindano ya mgongo. Ni kweli kabisa. Baada ya kupandikizwa ini, damu huenda isigande vizuri kwa siku kadhaa, na ikivuja karibu na uti wa mgongo mtoto anaweza kupooza. Epidura pia inaweza kushusha presha, wakati figo ya mtu mzima ndani ya mwili mdogo inahitaji damu nyingi. Hapo sibishani na mtu.

Lakini mgongo si njia pekee. Kwa ultrasaundi, daktari wa usingizi huziona tabaka za misuli ya tumbo, akapenyeza sindano katikati yake na kumimina ropivakaini, dawa ya ganzi, polepole pale mishipa ya fahamu inapopita. Akiacha mrija mwembamba, ganzi inaweza kuongezwa kwa siku kadhaa. Maumivu ya ndani kabisa haiyafikii, na dozi lazima ihesabiwe kwa kilo za mtoto, kwa uangalifu zaidi kama ini ndilo jipya, kwani ndilo linaloivunja dawa hiyo.

Nimemuuguza mtoto wa miaka 4 mwenye mrija wa namna hiyo. Siku ya pili aliketi, akashika kijiti cha mapovu ya sabuni tunachotumia kwa mazoezi ya kupumua, akapuliza. Mkono wake mwingine haukuwa ubavuni. Ulikuwa hewani, ukiyafukuza mapovu.