Usiniambie hela imeliwa

"Kwa hiyo hawajapata kitu? Basi hela imeliwa." Rafiki yangu alinikatiza hivyo juzi, kabla sijamaliza kumsimulia jaribio la milliQan pale CERN, maabara ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako wanatafuta chembe yenye chaji ya umeme ndogo kuliko ya elektroni. Mpaka leo neno hilo linanichoma.

Kwanza mahali penyewe. Karibu na CMS, kitambuzi kikubwa cha kunasa chembe, upande wa Ufaransa, kuna handaki lililochimbwa kwa ajili ya kutoa maji. Humo ndimo walimopanga miche ya plastiki, yaani vipande virefu vinavyotoa mwanga chembe inapopita, ni mita 33 kutoka protoni zinapogongana, na katikati kuna mwamba wa mita 17. Mwamba unapunguza chembe nyingine nyingi. Wanayoitafuta ina chaji ndogo mno, ingepenya tu.

"Si CMS ipo?" Ipo, lakini haiioni, na hili ndilo watu hawataki kulisikia. Alama ambayo chembe inaacha hufuata mraba wa chaji yake. Chaji ikiwa sehemu moja ya elfu ya ile ya elektroni, alama inabaki sehemu moja ya milioni. Ndiyo maana unahitaji mche mrefu, sentimita 80 kwenye kitambuzi cha kwanza, uliofungwa pasiingie hata mwanga wa kibiriti, na mwishoni jicho la kielektroniki linalonasa hata fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga. Jicho hilo nalo huwaka lenyewe, bila kupitiwa na chochote. Kwa hiyo miche imepangwa safu nyuma ya safu, ikielekea kwenye mgongano, na ishara haikubaliwi mpaka safu zote ziitike karibu kwa wakati mmoja.

Mwaka 2018 walikusanya data kwa kitambuzi cha majaribio cha safu tatu. Chembe haikuonekana. Lakini matokeo waliyotoa 2020 yaliondoa uwezekano wa chembe zenye chaji za kati ya 0.006 na 0.3 ya elektroni, kutegemea masi ya chembe. Mama alipokuwa akichambua mchele akamaliza ungo mzima bila kukuta jiwe, hakuna aliyemwambia amepoteza asubuhi. Tulipika tukala.

Haya, mashine ya kilomita 27 inayogonganisha protoni ni ghali, sikatai. Ila hawa hawakuomba mashine yao. Wanatumia migongano inayofanywa kwa kazi nyingine, ndani ya handaki lililokuwepo tayari. Na sasa wamerudi humo humo na kitambuzi kikubwa zaidi.

Rafiki yangu, ukisoma hapa, nipigie. Nilikuwa sijamaliza.