Mpanda fahali: helmeti peke yake haitoshi

Tarehe 30 Julai 1989, mjini Cheyenne, jimbo la Wyoming, mpanda fahali Lane Frost alikuwa ameshamaliza sekunde 8 ambazo mpandaji hutakiwa kukaa mgongoni mwa fahali, na kuruka chini. Fahali akamgeukia, akampiga pembe ubavuni. Haikumtoboa, ila mbavu zilivunjika na kijana huyo wa miaka 25 akafa. Baada ya msiba huo rafiki yake, Cody Lambert, alibuni kizibao cha kinga ambacho leo ni sehemu ya vazi la rodeo, michezo ya kikauboi ya kupanda wanyama wakali, nchini Marekani.

Kwenye kichwa bado watu wanavutana. PBR, waandaaji wakubwa wa mashindano ya kupanda fahali, waliwalazimisha kuvaa helmeti wale tu waliozaliwa kuanzia 15 Oktoba 1994. Wakubwa wao wakaachiwa kofia zao pana za kikauboi.

Wanaoikataa wana hoja, tena si ya kupuuzwa. Mpanda fahali hushika kamba kwa mkono mmoja. Wa pili ukimgusa mnyama, hapati alama. Mizani yake yote iko kwenye kidevu alichokibana kifuani, macho yakifuata mabega ya fahali. Ukimwongezea uzito kichwani na wavu wa chuma usoni, unamgusa pale pale penye mizani yake. Lakini fahali anapoinua kichwa ghafla huku mpandaji amevutwa mbele, fuvu la mnyama hukutana na uso wa mtu. Hapo wavu ule ndio unaookoa taya na meno, na kwangu hilo linatosha kuifanya helmeti iwe lazima kwa wote.

Hata hivyo, helmeti haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ty Pozzobon wa Kanada alifariki Januari 2017, naye akiwa na miaka 25, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na ugonjwa unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara.

Dawa ya hilo ni kupumzika hadi upone, na hapo ndipo rodeo inapowaangusha vijana wake. Wengi hawana mshahara: hulipa kiingilio wenyewe, na wasipopata alama nzuri hurudi mikono mitupu. Daktari apewe mamlaka ya kumzuia mtu, na atakayezuiwa alipwe fidia. Bila fidia hiyo, kijana aliyeanguka leo na ambaye kesho ana shindano jingine, ukimuuliza kama anasikia kizunguzungu, atakujibu hapana.