Afande Aliomba Kuona Mtungi

Siku hiyo konda wangu alikuwa na msiba, nikapewa deiwaka, yaani kibarua wa siku moja. Kijana mzuri, sauti anayo, chenji hapotezi, ila daladala alikuwa anaijua kuanzia mlangoni kwenda nje. Vya ndani hakuvijua.

Tumetoka Bunju tunakuja Mwenge, Hiace imeshona, mvua inapiga, mlango na vioo vyote vimefungwa. Kufika Tegeta mkono ukanyooka. Trafiki. Nikaweka pembeni, afande akaja dirishani kwangu. Leseni akaiona, bima akaiona, pembetatu akaziona.

"Na mtungi wa kuzimia moto?"

"Upo, afande." Na kweli ulikuwepo: poda kavu ya ABC, ile ya kuzima moto wa vitu vigumu, vimiminika na gesi, kilo 2, sindano ya geji imetulia kwenye kijani, pini mahali pake na lakiri yake ya plastiki haijaguswa. Nimeufunga karibu na mlango wa abiria, kwenye kishikio cha chuma chenye klipu ya kufyatua kwa kidole. Hiace hii injini yake iko chini ya siti za mbele, kwa hiyo dereva anayeweka mtungi chini ya makalio yake ajue siku ya siku ataufuata motoni. Na wanaoutupa nyuma chini ya mizigo, hao watakuwa wanapangua magunia ya watu huku gari linateketea.

"Konda, mpe afande mtungi aone."

Mtungi una vishikio viwili kichwani. Cha chini hakichezi, hicho ni cha kubebea. Cha juu ndicho cha kufyatulia: ukivibana pamoja, vali inafunguka na gesi inaisukuma poda nje. Pini inapita katikati yao kuvizuia visibanane, ndiyo maana ukiwa na pini unaubeba unavyotaka na hakuna kinachotokea. Deiwaka alipoiona ile pini aliamini ndiyo komeo linaloufunga mtungi kwenye gari. Akakata lakiri, akachomoa pini, akaitia mfukoni pamoja na chenji. Kisha akakamata vishikio vyote viwili, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mtungi wa kilo 2 ukiubana mfululizo, kwa kawaida unaisha ndani ya sekunde 10 hivi. Ukiwa na moto mbele yako, hizo ni chache, ndiyo maana tunaambiwa tulenge chini kwenye kiini cha moto na si kwenye ndimi zake. Ukiwa umefungiwa na abiria 18, ni nyingi mno. Nilisikia tu fyuuuu, nikaangalia kioo cha ndani, sikuona mtu. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaanza kutubu kwa sauti, tena kwa majina ya wahusika.

"Achia! Achia mkono!" nikapiga kelele.

Akaachia, na poda ikakata hapohapo, maana vali hujifunga mkono ukilegea. Mlango ukafunguliwa, watu wakamwagika nje wakikohoa, weupe kuanzia nywele hadi kandambili kama waliolala kwenye mashine ya kusaga. Poda hii si sumu kali, lakini macho na koo haviipendi, kwa hiyo chupa zote za maji zikaishia kunawia nyuso. Afande akazunguka kuja upande wa mlango.

"Wewe kijana, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, afande! Nilishika hivi tu."

Akaonyesha alivyoshika. Pini bado iko mfukoni.

Nilikuwa sijui kwamba poda ya ABC ina unjano wa mbali mpaka nilipoiona juu ya sare nyeupe ya trafiki.

Afande alijikung'uta taratibu, akauchukua mtungi, akaisoma geji. Sindano imelala kwenye nyekundu. "Dereva, gari lako halina mtungi unaofanya kazi."

"Afande, si umeuona ukifanya kazi?"

"Nimeuona. Sasa haufanyi." Akanipa mpaka kesho yake niwe nimeujaza, akaondoka akipiga chafya.

Deiwaka kwa kutaka kurekebisha mambo akaja na ndoo ya maji aoshe ndani. Nikamnyang'anya. Poda ya ABC ikikutana na unyevu inageuka kuwa na asidi kidogo, inaanza kula shaba na alumini, na kama imepenya kwenye plagi za waya au altaneta utakuja kutafuta shoti mwezi mzima. Kwanza unafagia ikiwa kavu, unapuliza kwa upepo wa kompresa, siti za mbele unazinyanyua ufikie injini. Kitambaa chenye unyevu kinakuja mwisho. Kazi hiyo ilikula jioni yote, na hesabu ya tajiri nikaipeleka pungufu. Abiria nao hakuna aliyekumbuka kama alikuwa hajalipa. Ukimuuliza, anakohoa.

Tukaenda kujaza. Hata kama angeubana mara moja tu ningeujaza, kwa sababu chembe za poda hubaki kwenye kikalio cha vali, haifungi sawasawa, presha inavuja polepole na unabaki na pambo. Fundi akaufungua, akabadilisha oringi, ule mpira wa duara wa kuzuia uvujaji, akapima poda mpya kwa mzani, akasukumia naitrojeni mpaka sindano ikarudi kwenye kijani. Akanisifia kwamba poda ya zamani ilikuwa imetoka karibu yote. Mitungi mingi ya magari, alisema, mtikisiko wa barabara unaishindilia poda chini, siku ya kuitumia inatoka gesi tupu. Wangu huwa naugeuza juu chini na kuutikisa kila mwezi.

"Ila hongera zenu, mmeutumia wote," akasema. "Moto ulikuwa mkubwa?"

Deiwaka akanitazama, akatoa pini mfukoni, akaiweka mezani.

"Moto haukuwepo, kaka. Kulikuwa na trafiki."