Kufahamu na Kukiri: Mwanafunzi Adaiwe Nini Katika Kozi ya Mageuko?

Mwanzoni mwa mwaka 2003, Wizara ya Sheria ya Marekani ilianza kumchunguza mhadhiri wa biolojia kwa sababu ya aya chache za masharti aliyowawekea wanafunzi wake. Mhadhiri huyo, Michael Dini wa Texas Tech University mjini Lubbock, alikuwa ametaja mambo matatu kwa yeyote aliyetaka amwandikie barua ya mapendekezo ya kwenda kusomea udaktari: awe amepata alama A katika somo lake, awe anafahamiana naye kiasi cha kutosha, na awe tayari kuulizwa anadhani binadamu alitokeaje. Asiyeweza kukiri kwa dhati jibu la kisayansi, masharti yalisema, asije kuomba barua. Mwanafunzi mmoja Mkristo alilalamika, mawakili wanaotetea uhuru wa dini wakaingia kati, na uchunguzi ukafunguliwa. Ulifungwa mwezi Aprili mwaka huohuo baada ya Dini kubadilisha maneno yake: mwanafunzi hakutakiwa tena kukiri jibu la kisayansi, bali kulieleza.

Kwa hiyo kilichobadilika ni kitenzi. Kadiri ninavyolifikiria tukio lile ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ugomvi mwingi kuhusu kozi ya mageuko vyuoni, yaani kozi ya jinsi viumbe hai vinavyobadilika kizazi hadi kizazi, hata katika vyuo vyetu ambako wizara haijawahi kuingilia, unazunguka tofauti iliyopo kati ya vitenzi hivyo viwili, na kwamba wahadhiri wengi huingia darasani siku ya kwanza wakiwa hawajaamua wanadai kipi.

Upande wa mhadhiri Dini una nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Barua ya mapendekezo si haki ya mwanafunzi kama ilivyo alama ya mtihani. Ni neno la mtu binafsi, na anayeiandika anaweka jina lake rehani. Hoja yake ya kitaaluma nayo ilikuwa nzito: udaktari umejengwa juu ya biolojia, na nadharia iliyo muhimu kuliko zote katika biolojia ni mageuko, basi anayeukataa msingi ataaminiwaje kuihudumia nyumba? Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kuitafutia hoja hiyo ushahidi. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria katika kila zahanati, iliachwa Tanzania Bara mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwisha kuwa sugu. SP (sulfadoksini na pirimethamini) iliyochukua nafasi yake nayo ilidumu miaka michache tu, ikaamuliwa mwaka 2006 ipishe dawa ya mseto. Usugu huo haukuletwa na vimelea kuizoea dawa, kama watu wanavyosema mitaani. Vichache kati yao vilikuwa na mabadiliko ya jeni yaliyoviwezesha kuistahimili. Hivyo vikabaki na kuzaana wakati vingine vikifa, na dozi baada ya dozi uzao wao ndio uliotapakaa. Huo ni uteuzi asilia, na umefanyika ndani ya damu ya watoto wetu wenye homa. Tabibu asiyeuelewa hataona ubaya wowote mgonjwa akiacha dozi katikati kwa kuwa amepata nafuu.

Hata hivyo, ukiutazama mfano huo kwa makini unagundua kwamba hauthibitishi kile ambacho Dini alikidai mwanzoni. Anachohitaji tabibu yule ni kuelewa jinsi usugu unavyotokea. Msichana anayeweza kulifafanua jambo hilo hatua kwa hatua, akakuchorea na mchoro, kisha akarudi bwenini kusali akiamini kwamba Adamu aliumbwa kwa udongo, ataandika dozi kamili sawasawa na mwenzake asiyesali. Tena sharti la kukiri lina kasoro ambayo peke yake inatosha kuliangusha, nayo ni kwamba humtuza mwongo na kumwadhibu mkweli. Mwanafunzi anayejua barua ya udaktari inategemea neno moja atalitamka, na mhadhiri hana kipimo cha kujua kama limetoka moyoni. Anayebaki mlangoni ni yule mmoja aliyekataa kusema asichokiamini, na sijui ni mgonjwa gani angependa huyo ndiye aachwe nje ya taaluma.

Kuna pingamizi dhidi ya msimamo huu ambalo sipendi kulipita haraka. Watu husema: ukitenganisha kuelewa na kukubali, unamruhusu mwanafunzi kukariri desa, akamwaga mtihanini, kisha akaiacha sayansi kwenye meza ya mtihani pamoja na kalamu yake. Ni kweli, na kila aliyefundisha amekutana na karatasi ambazo kila aya inaanza kwa "kwa mujibu wa wanasayansi", kana kwamba mwandishi anayashika maneno kwa ncha za vidole. Lakini dawa ya kukariri haipatikani katika kiapo. Inapatikana katika maswali ambayo hayamo katika desa lolote. Mpe mwanafunzi takwimu za wadudu waharibifu katika mashamba matatu yaliyopigwa dawa kwa viwango tofauti, umwambie atabiri kitakachotokea msimu wa tano na aeleze kwa nini. Hapo "kwa mujibu wa wanasayansi" haitamsaidia, kwa sababu hakuna mwanasayansi aliyemwandikia jibu. Akiweza kulitatua, amefikiri kimageuko, hata kama hajakiri lolote.

Mwanafunzi wetu naye haingii katika kozi hii akiwa mtupu. Nchini Tanzania hukutana na Zinjanthropus, fuvu la kale la Oldupai, katika somo la historia akiwa kidato cha kwanza, miaka kadhaa kabla ya kufundishwa jeni ni nini, na anachobaki nacho mara nyingi ni picha ya nyani anayesimama polepole hadi akawa mtu. Nchini Kenya, mtaala wa historia wa kidato cha kwanza uliosomwa kwa miaka mingi uliorodhesha maelezo matatu ya asili ya binadamu: simulizi za jadi, uumbaji na mageuko. Ninaelewa busara ya mpangilio huo mbele ya darasa lenye wazazi wa kila imani. Gharama yake ni kwamba mtoto anajifunza kuviona vitu vitatu vya namna tofauti kama wagombea watatu wa kiti kimoja, na anapofika chuoni anashangaa kwa nini mhadhiri anamzungumzia mmoja tu.

Lugha nayo ina mchango wake. Katika Kiswahili cha kila siku, tukisema jambo ni la kinadharia tunamaanisha halijafika kwenye vitendo. Ndiyo maana kauli ya "hiyo ni nadharia tu" inasikika kama hoja iliyomaliza mjadala, wakati kwa mwanabiolojia nadharia ni jengo zima la maelezo lililoshikiliwa na ushahidi wa pande nyingi. Mihadhara inatolewa kwa Kiingereza, ubishi wa kweli unafanyika bwenini kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili neno linapoteza uzito wake bila mtu kugundua. Ningekuwa na mamlaka, saa nzima ya wiki ya kwanza ningeitumia kwa neno hilo, na saa nyingine kwa lile swali linaloulizwa kila mwaka: mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu? Swali hilo halistahili kuchekwa. Lina jibu zuri, kwamba sisi na sokwe ni matawi ya mti mmoja yaliyoachana mamilioni ya miaka iliyopita, na tawi haliwi tawi jirani yake. Mhadhiri anayelijibu kwa kejeli ameipoteza nusu ya darasa kabla ya muhula kuanza.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa la upande wa pili, ambalo kwetu limeenea zaidi kuliko la mhadhiri Dini, ingawa halizungumzwi. Ni kosa la kunyamaza. Mhadhiri anayetaka amani anaifundisha mada ya binadamu kwa dakika kumi, au anaisukuma hadi wiki ya mwisho ambapo mahudhurio yamepungua, au anaahidi kwamba haitatoka mtihanini. Wakati mwingine shinikizo linatoka nje: mwaka 2006, makanisa ya kiinjili nchini Kenya, yakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, yalipinga hadharani mpango wa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kuionyesha mifupa ya mvulana wa Turkana kama ushahidi wa mageuko ya binadamu. Mifupa hiyo, yenye umri wa takriban miaka milioni moja na nusu, iligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye jicho lake kwenye changarawe liliheshimiwa na wataalamu wa dunia nzima. Waumini wale walikuwa na haki ya kusema walichosema. Lakini kama makumbusho yangeificha, na kama chuo nacho kingeiruka, kijana wa Lodwar, huko Turkana, angelazimika kusafiri nje ya nchi ili akafundishwe kuhusu mifupa iliyotoka kwao.

Kutokana na hayo, naona kuna mstari ambao karatasi ya utaratibu wa kozi inapaswa kuuchora waziwazi, nao ni mstari kati ya ratiba na maudhui. Msabato anayeomba jaribio la Jumamosi lihamishwe, au Mwislamu anayeomba safari ya Oldupai isiangukie siku ya Idi, anaomba nafasi ya kushiriki, na apewe bila kuhojiwa. Anayeomba asihudhurie mhadhara wa asili ya binadamu kwa kuwa unamkwaza, au abadilishiwe swali, anaomba jambo la namna nyingine kabisa: anaomba cheti kiseme anajua kitu ambacho hakukisikia. Huyo akataliwe kwa upole, na akataliwe mapema, wiki ya kwanza, wakati bado ana nafasi ya kuchagua kozi nyingine. Ukatili ni kumwacha hadi wiki ya kumi na mbili ndipo agundue kwamba asilimia 60 ya alama zake zimelala kwenye mtihani wa jambo alilodhani linakwepeka.

Wapo watakaoniambia kwamba hata kumlazimisha kusikiliza ni kuivunja dhamiri yake. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu na silikubali. Mwanafunzi wa sheria asiyeiamini adhabu ya kifo hujifunza vifungu vyake vyote. Mwanafunzi wa historia husoma itikadi za wakoloni bila kuzikubali. Tena katika jambo hili imani na sayansi hazigombani kwa kiasi ambacho wanafunzi wengi wamefundishwa kudhani: Theodosius Dobzhansky, aliyeandika mwaka 1973 kwamba hakuna chochote katika biolojia kinachoeleweka isipokuwa katika mwanga wa mageuko, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi na katika makala ileile alisema kwamba anaamini uumbaji na mageuko kwa pamoja, naye Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko yamekwisha kuwa zaidi ya dhana. Siwataji ili mhadhiri awatumie kumshawishi mtu abadili imani. Kazi hiyo si yake. Nawataja kwa sababu mwanafunzi anayedhani ana njia mbili tu, kuiacha dini au kuiacha kozi, amepewa taarifa pungufu.

Mhadhiri naye ana deni lake, na karatasi ileile inapaswa kulitaja. Asimuulize mtu darasani anaamini nini. Asiutumie ukumbi wa mihadhara kuidhihaki misikiti na makanisa, kama vile asivyopaswa kuutumia kuhubiri. Na mifano yake aitoe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuigusa. Selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita, imo katika familia za wengi walioketi darasani. Kueleza kwa nini jeni inayoleta maradhi haya imedumu katika nchi zenye malaria, kwamba anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali huku anayeirithi kwa wote wawili akiugua, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kutokana na kazi yake hapahapa Afrika Mashariki, ni kumpa mtu maelezo ya maumivu aliyoyaona nyumbani kwao. Nimeona darasa lenye kelele likinyamaza kabisa katika mhadhara huo.

Mara moja, nikiwa mkufunzi msaidizi, nilisahihisha swali lililouliza kwa nini Ziwa Victoria lina mamia ya spishi za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine, ilhali wataalamu wengi wanaona kwamba ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Mwanafunzi mmoja alijibu kwa kurasa tatu. Alichora taya za furu mla konokono na za furu mla mwani, akaonyesha jinsi chakula kilivyozitenganisha, akaeleza jinsi miamba ilivyowatenga samaki wa upande mmoja na wa upande mwingine. Chini kabisa, baada ya Kiingereza chote kile, aliandika kwa Kiswahili na kwa herufi ndogo zaidi: "Haya ndiyo niliyofundishwa. Mimi naamini Mungu aliumba kila samaki kwa namna yake." Mwenzangu tuliyekuwa tukisahihisha pamoja alitaka tumkate alama kwa sentensi hiyo. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishoni nilimpa 18 kati ya 20. Alama mbili zilikatwa kwa sababu alisahau kueleza jinsi jike anavyomchagua dume kwa rangi yake, na jinsi maji yakichafuka uchaguzi huo unavyovurugika, nami nikaliandika hilo pembeni kwa kalamu nyekundu. Chini ya sentensi yake ya mwisho sikuandika kitu.