Kabla ya Kutandaza Kabro, Tuwaachie Watoto Uwanja

Wengi wetu tunaojenga nyumbani Kenya tukiwa ughaibuni tunaujaza ua wote. Ukipita Riat au Mamboleo kule Kisumu, au Kiamunyi kule Nakuru, utaona nyumba nzuri, ukuta mrefu, na kabro, yale matofali ya saruji, iliyotandazwa kutoka langoni hadi mlango wa jikoni. Gari limepata mahali pa kugeuzia, lakini mtoto hana mahali pa kupigia mpira. Ningependa jambo hili lizungumzwe sasa, kwa sababu ni rahisi kulirekebisha mchoro ukiwa bado mezani kuliko baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Hapa Minnesota, Marekani, ninakolea watoto wangu, majirani huuhesabu mchezo kuwa sehemu ya nyumba. Mlingoti wa mpira wa kikapu husimamishwa pete ikiwa mita 3.05 kutoka chini, kama ilivyo uwanjani, na mingine huweza kushushwa kwa ajili ya wadogo. Kandokando ya bembea huachwa nafasi isiyo na kitu ya takriban mita 1.8, na chini yake humwagwa vipande vidogo vya mbao kwa kina cha sentimita 23 hivi, ili mtoto akianguka asivunjike mkono. Majira ya baridi yanapoingia, wapo wanaozungushia ua mbao, wakatandika karatasi ya plastiki na kujaza maji, yakaganda, na watoto wakacheza magongo juu ya barafu. Watu hawa wana miezi michache tu ya nyasi kwa mwaka, lakini wanaipangia kwa makini kuliko sisi wenye jua la Januari hadi Desemba. Makini hayo ndiyo ninayotamani tuyapeleke nyumbani.

Kuna jambo lingine la huku ambalo nisingependa tuliige. Kila ua una vifaa vyake, na mara nyingi mtoto yumo humo peke yake, kwa sababu kucheza na wa jirani kunahitaji wazazi wapange siku na saa. Hata trampolini zimejaa nyuma ya nyumba ingawa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeshauri kwa miaka mingi zisitumiwe nyumbani. Sisi tuna kati (wa katikati hukwepa mpira unaorushwa na walio pembeni), rounda (kupiga mpira na kuzunguka vituo), kuruka kamba na banta (gololi), michezo ambayo haihitaji kununuliwa karibu chochote, ila inahitaji watoto kadhaa na ardhi iliyo sawa. Watoto kwetu bado wapo, na huja bila kualikwa. Kinachopotea ni ardhi.

Tuchukue ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo ni kama mita 15 kwa 30. Nyumba ikisogezwa mbele kidogo, unaweza kubaki na ukanda wa mita 8 nyuma, upana wote wa ploti. Uwanja wa mpira wa vinyoya (badminton) una mita 13.4 kwa 6.1, kwa hiyo unaingia hapo, ingawa kwa kubana, na wavu ukiondolewa pale pale panatosha kuchezea kati. Uwanja kamili wa mpira wa wavu, wenye mita 18 kwa 9, hautaingia, wala watoto hawauhitaji. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza mashariki na kutua magharibi bila kuhama sana. Kwa kuwa watoto hucheza zaidi kuanzia saa kumi jioni, ploti ikiruhusu magoli yawe upande wa kaskazini na wa kusini, ili asiwepo mlinda lango anayepigwa na jua machoni. Dirisha la jikoni nalo lielekee uwanjani, ili mama au nyanya aone kinachoendelea bila kutoka nje, na kamba za nguo zihamishiwe ubavuni mwa nyumba.

Linalosahauliwa zaidi ni shimo la maji taka. Mitaa mingi mipya iko mbali na mabomba ya maji taka, na fundi, asipoambiwa, hulichimba nyuma ya nyumba, katikati ya mahali ambapo watoto wangecheza. Likiwekwa upande wa lango, lori la kunyonya hulifikia kwa urahisi na watoto hawarukiruki juu ya mfuniko wake.

Udongo nao una lake. Ule mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, huvimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo uwanja unahitaji mwinamo mdogo na mtaro wa kutolea maji, la sivyo mvua ya alasiri itaugeuza tope hadi kesho yake. Nakuru udongo ni wa volkano, hunyonya maji upesi, na tatizo huwa vumbi. Huko nyasi za Kikuyu hustawi vizuri. Ni mmea wa nyanda zetu za juu ambao Australia na Afrika Kusini wanautumia kwenye viwanja vyao vya michezo, na inasikitisha kuona tukiufunika kwa saruji nyumbani kwake.

Ndugu au marafiki walionunua ploti zinazopakana ubavu kwa ubavu wana nafasi nzuri zaidi. Badala ya ukuta wa mawe kati ya kanda zao za nyuma, au uzio wa kayaba ambayo miiba yake hutoboa mipira, wanaweza kuweka waya wenye mlango mpana katikati, na kanda mbili zikawa moja yenye urefu wa mita 30, inayotosha mpira wa watoto watano kwa watano. Gharama yake ni mlango huo wa chuma na komeo kila upande, kwa siku ambazo mmoja wao atataka kufunga.